Siku Nilipoachilia Magongo

Mhubiri wa Kawangware alinipaka mafuta kwenye paji la uso, akaniambia niachilie magongo. Mguu wangu wa kushoto ulinyauka nikiwa mtoto, na mama alikuwa amesikia kwamba kanisani kwake watu hupona.

Nikaachilia. Kwa kitambo kidogo nilielea. Jua lilipenya kwenye matundu ya mabati, vumbi likacheza ndani ya miale, na kwaya ikasikika kama iko mbali, ng'ambo ya maji. Sikuhisi sakafu. Niliwaza: kumbe hivi ndivyo watu husimama. Kisha nikaanguka taratibu, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba.

"Imani yake bado changa," mhubiri akawaambia waumini.

Mama hakulia. Aliokota magongo, akayapangusa kwa leso yake. "Pasta, huyu husali kuliko mimi na wewe," akasema, tukatoka.

Alasiri tulifika kwetu Laini Saba. Mwenye nyumba wetu, nyanya Mnubi ambaye hajawahi kuona tangu azaliwe, alikuwa mlangoni akichambua mchele kwa vidole.

"Leo mnatembea kama watu waliotoka matangani," akasema.

Mama akamsimulia yote. Nyanya akatikisa kichwa. "Mimi pia nilisomewa dua mpaka shehe akakaukiwa na sauti. Nikarudi nyumbani vilevile. Lakini madrasa walitufundisha kwamba Mtume alipomkunjia uso kipofu aliyemjia, Mwenyezi Mungu alimwonya kwa ajili ya yule kipofu. Tangu hapo nikaacha kujiona mgonjwa."

Mama akajisemea, "Na Yesu alifufuka na alama za misumari. Mbona hakupewa mikono mipya?"

Mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya asali, na mchele ulidondoka kwenye sinia polepole, kama mvua ya mbali.

"Nyanya, huko peponi utapewa macho?" nikauliza.

"Nikipewa sitakataa. Ila itabidi nionyeshwe mama yangu ni yupi. Mimi namjua kwa mikono tu."

"Utaona, na huyu atakimbia," mama akasisitiza.

"Nikimbie niende wapi?" nikasema. Wote wawili wakaangua kicheko, nami nikacheka.

Kawangware hatukurudi. Tulianza kusali katika kanisa dogo la Soweto West, si mbali na kwetu. Jumapili moja nikaombwa kusoma Injili. Kwa kawaida Injili ikisomwa watu husimama, na mimi nilikuwa nimeletewa kiti nisome nikiwa nimekaa. Pasta wa hapo alinitazama, akashuka, akakaa sakafuni. Mama mmoja akamfuata, kisha wengine, mpaka kanisa zima likawa chini, miguu imekunjwa, watoto mapajani.

Nikafungua ukurasa, nikaanza kusoma bila haraka.