Shule Mbili za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa anasikia. Homa ilimwondolea masikio kabla hajajifunza kusema, na vita vilipofika mjini mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Risasi zikianza, nilimvuta shati kuelekea chini, naye akalala kifudifudi bila kuuliza. Wengine nyumbani walipiga kelele na kukimbilia ukutani. Yeye aliutazama mkono wangu tu.

Hatukuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya mikono. Chai ilikuwa kupuliza kiganja. Baba, ambaye ni fundi wa magari hapa mtaani kwetu Buyenzi, alikuwa kufuta mikono kwa kitambaa. Mama alikuwa fundo la mtandio chini ya kidevu. Lakini Mama mwenyewe hakuwa akitumia alama hizo. Alisema naye kwa midomo, taratibu, na aliposhindwa akaniita, "We, mwambie." Mimi niliyeona aibu hata kuomba chumvi kwa jirani, kwa mdogo wangu nilikuwa msemaji wa nyumba nzima.

Umri wa shule ulipofika, shule ya mtaani kwetu haikumtaka. Tukasikia kwamba mjini ziko shule mbili za serikali zinazopokea watoto viziwi. Mama alisema kiatu hakinunuliwi kwa kupima mguu mmoja, kwa hiyo tutaziona zote mbili. Mimi nilikwenda nao ili mtoto aelewe anapelekwa wapi.

Ya kwanza ilikuwa juu kilimani, njia ya Kiriri, kati ya nyumba zenye maua na mageti. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, na ndani palikuwa kimya kabisa. Watoto walikaa wamefunga mikono nyuma ya mgongo, macho yao kwenye midomo ya mwalimu. Hapo walifundishwa kusema kwa sauti, na mikono ilikatazwa. Direkta, yaani mkuu wa shule, mzee mpole mwenye tai, alimkalisha mdogo wangu kwenye kiti, akashika kiganja cha mtoto na kukiweka kwenye koo lake mwenyewe. "Maaa," akasema. Kisha akahamishia kiganja kile kwenye koo la mtoto.

Mdogo wangu alikodoa macho. Ikatoka sauti nene, kama ya mlango mzito: "Mmaa."

Mama alishika mtandio wake kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka mbele ya mgeni, jambo ambalo sijaliona tena.

"Ameniita," aliniambia. "Umesikia? Ameniita mimi."

Alikuwa tayari kumwacha pale siku ileile. Lakini kulikuwa na swali la risasi alilokuwa amelibeba toka nyumbani, akaliuliza. "Direkta, masasi ikianza, huyu mutoto atajua namna gani?"

"Tunapiga kengele, mama," direkta akajibu, akaionyesha. Ilikuwa nzuri, ya shaba, imening'inia barazani.

Mama akaitazama kengele. Akawatazama watoto. Direkta naye akaitazama, kama vile anaiona mara ya kwanza, akakuna shingo.

"Ni ya walimu," akasema polepole. "Walimu wanasikia, ndiyo wanakimbia kuwachukua. Na huku juu, mama, masasi si mingi."

Hakuwa mtu mbaya. Alitusindikiza hadi getini na kumpa mdogo wangu chaki nzima.

Ya pili ilikuwa chini, karibu na mto Ntahangwa, katika ghala la zamani lenye sakafu ya mbao. Tuliisikia kabla ya kuiona. Watoto walipiga meza, walicheka kwa sauti zisizo na mpaka, walikimbia kwa vishindo.

"Hii ni shule ao ni soko?" Mama akasema mlangoni. Humo watoto waliongea kwa mikono, haraka kiasi kwamba mimi, msemaji, sikuelewa chochote. Mama alimuuliza mwalimu, mwanamke mnene aliyevua viatu, kama mtoto atafundishwa kusema.

"Kusema kwa mudomo, apana. Sitakudanganya, mama."

Uso wa Mama ukakunjamana. Hata hivyo akauliza lile swali la masasi.

Mwalimu aliinua mguu wake na kuupiga kwenye mbao mara mbili, kwa nguvu. Mtetemo ulinipanda hadi magotini. Watoto wote wakawa chini ya meza, kama maji yaliyomwagwa. Mdogo wangu, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, alijitupa kifudifudi, na alipokuwa anaanguka akanivuta sketi kuelekea chini. Nililala. Mama peke yake alibaki amesimama.

Watoto waliinua vichwa, wakamwona, wakaangua kicheko.

"Mama, we umeshakufa!" mwalimu akamwambia, naye anacheka.

Mama hakucheka. Alimwangalia mtoto aliyelala mbele ya miguu yake, ambaye bado alikuwa ameshika sketi yangu. Akavua viatu, akaweka nyayo zake juu ya mbao. "Piga tena," akasema.

Alimwandikisha hapo.

Jioni ile, nyumbani, Mama alisimama nyuma ya mdogo wangu na kupiga mguu. Mtoto hakugeuka. Akapiga tena hadi vumbi likaruka. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Kesho yake Baba alileta kutoka gereji mbao za makasha ya vipuri, akazipigilia chumbani, na majirani wakauliza kama tunapangisha ukumbi wa ngoma. Tangu hapo Mama alimwita mwenyewe, kwa mguu, na mtoto alipogeuka, Mama akafunga fundo la hewani chini ya kidevu chake: mimi hapa, njoo.

Lakini mara nyingine, alipokuwa akimwogesha, nilimwona akichukua kile kiganja chenye sabuni na kukiweka kwenye koo lake mwenyewe. "Maaa," alisema. Mtoto alicheka, akampaka povu shingoni.