Mtende wa Mama Yustina

Tulipohamia hapa Nsemulwa, nilidhani jirani yetu Mama Yustina ana binti mkubwa, labda ameolewa huko Inyonga. Jina lake mwenyewe ni Hilaria, ila hakuna anayemwita hivyo. Anaotesha mitende ya mapambo kwenye makopo, anawauzia wenye nyumba mpya. Kiangazi, mji mzima ukiwa vumbi, uani kwake kuna kaubaridi. Ukikaa pale unasinzia mpaka unasahau sufuria jikoni.

Mtende mmoja tu hauuzi, ule mrefu wa getini. Jioni anaumwagilia, halafu anauongelesha taratibu: "Umeshindaje, mama?" Mie nikajua ni uzee. Kumbe!

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, wanakwaya walimtuma mume wangu Apollinarie akaombe makuti. Mama Yustina akamruhusu akate ya chini. Yeye huyo, juu ya ngazi, akaliona lile changa la katikati, jeupe, laini, zuri kwa kusukia misalaba. Akalikata! Jamani, mtende una moyo mmoja tu. Ukifa huo, mti wote umekwisha.

Mama Yustina alikaa chini palepale mchangani.

"Umemkata mwanangu," akasema.

Ndipo tukajua. Yustina alifariki hajatimiza mwaka, na mtende ule ulipandwa pale kilipozikwa kitovu chake.

Nilimsema Apollinarie mpaka akakosa pa kuweka uso. Tangu hapo kila jioni anabeba ndoo ya maji kwenda getini kwa jirani. Mvua ikaisha, upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma, na pale katikati hakuna kilichosogea. Mama Yustina akaacha kuuongelesha mti. Hilo liliniuma kuliko yote.

Juzi jua linazama, nikamkuta Mama Yustina getini, ameinua uso, anacheka huku analia. Kuti lilikuwa limepanda na kufunguka, kijani kibichi, ncha zimekatika mshazari kama nywele za mtoto aliyenyolewa na baba yake. Lilelile alilolikata! Kumbe kisu kilipita juu tu, moyo ulibaki mzima ndani.

Apollinarie akafika na ndoo.

"Baba, msalimie basi," Mama Yustina akamwambia.

Mume wangu, lijitu lizima lile, akatua ndoo, akavua kofia.

"Umeshindaje, mama?" akauuliza mtende.