Waya Uliong'aa

Kila ninapokwaruza waya wa mota ninayotengeneza, harufu ya shaba vidoleni hunirudisha darasani, siku mwalimu alipotuambia tuwashe balbu ya tochi kwa betri. Kwa kuogopa kukosea, nilichagua waya uliong'aa kuliko yote. Balbu haikuwaka.

“Baba yako anachimba shaba, wewe inakukatala!” jirani yangu wa benchi alicheka.

Machozi yalinilengalenga. Mwalimu, aliyetuita wasichana wote “mama”, akaniinamia.

“Mama, kile kinang'aa ni rangi tu, inafunga umeme njia. Kwaruza.”

Nikakwaruza ncha zote mbili kwa jiwe, zikawa mbaya machoni. Balbu ikawaka, ikapata joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

“Leta nishike!” jirani akaomba.

Kengele ililia. Mimi nilikuwa bado nimeishika balbu.