Mashada Mawili ya Berto

Kapitan, mkuu wa serikali yetu ya mtaa, amechorwa ubavuni mwa ambulensi, meno yote nje. Kila nikiliona gari lile natamani kutema mate.

Jirani yangu Asuncion huuza mikate ya mchele ya mvuke. Mumewe Berto alikuwa mgonjwa wa figo, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini, mwendo wa saa mbili. Gari pekee la bure ni ambulensi ya mtaa, na kulipanda unahitaji cheti cha ukazi alichotia sahihi Kapitan mwenyewe.

Tufani ya mwaka jana ilibomoa nyumba yao, wakajenga ng'ambo ya kijito, hatua arobaini tu. Kijito ndicho mpaka wa mitaa miwili, kila mmoja na Kapitan wake.

"Mama, nyie si wakazi wetu tena," karani wetu alimwambia Asuncion alipofuata cheti, huku akitafuna. "Nendeni ng'ambo."

Ng'ambo wakamjibu: "Dada, kura si mnapigia kule? Kamlilieni Kapitan wenu."

"Basi mgonjwa wangu nimuweke katikati ya maji?"

"Usitupandishie sauti, dada."

Wiki tatu walimpiga danadana, na ambulensi mbili zimeegeshwa, moja kila upande, zimeoshwa zinang'aa. Berto akawa anakwenda kwa bajaji, miguu imevimba, akitapika njia nzima. Kisha mvua ikafunga barabara, bajaji zikakataa kwenda, akakosa siku zote mbili za kusafishwa damu. Jumamosi alifia kitini.

Kwetu kiongozi hakosi kupeleka shada msibani, hasa uchaguzi ukikaribia. Asubuhi iliyofuata yalifika mawili, jina la kila Kapitan likiwa kubwa kuliko la marehemu. Wabebaji wakaanza kusukumana mbele ya jeneza.

"Sogeza lako bwana, huyu marehemu wetu!"

"Wenu tangu lini? Amefia upande wetu!"

Asuncion alikuwa akiwamiminia wageni kahawa. Akaweka birika chini.

"Cheti kiko wapi?"

"Cheti gani, mama?"

"Cha ukazi. Haya maua ni ya mtaa upi, na nani katia sahihi?"

Walicheka, wakidhani anatania. Akayatoa yote mawili nje, akayatupa kijitoni.

Siku ya mazishi ambulensi zote mbili zilikuja kumbeba, ving'ora vikilia. Tulimchukua Berto mabegani, tukapita katikati ya magari hayo.