Kura Arobaini za Haralampie

Agripina hakuwa mtu wa kuchekacheka. Alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na minne, na tangu hapo alisema na watu kama anayefukuza kuku. Lakini mwanamke yeyote wa kijijini kwetu akikatwa kidole na mashine ya kutoa kokwa, hakukimbilia ofisini, alimkimbilia Agripina. Wawili wakigombania zamu, waliamuliwa na Agripina. Na plamu zikishaingia kwenye tanuri la kukaushia, hakuna aliyethubutu kuzitoa mpaka yeye afungue mlango, achukue moja ikiwa ya moto vilevile, aibonyeze kwa dole gumba, kisha aseme "bado" au "toeni". Miaka kumi na sita alifanya hivyo, na kwenye orodha ya wafanyakazi ameandikwa mchambuaji tu, kama waliokuja jana.

Mwaka ule ushirika wetu wa plamu ulipata wafadhili kutoka nje. Lilijengwa tanuri jipya, na ikatangazwa nafasi ya msimamizi, kazi ya mwaka mzima, si ya msimu. Agripina aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukampotea. Kibarua cha msimu hakikumtosha tena. Binamu yake aliyeko Bologna, Italia, alimshikia kazi ya kumtunza kikongwe, na alimpa mpaka mwisho wa Septemba aseme anakwenda au haendi. Kwenda ni kumwacha binti yake Ilinca, wa miaka kumi na miwili. Moldova nzima inajua habari hiyo. Nusu ya darasa la Ilinca mama zao wako Italia.

"Wangu halelewi na simu," Agripina alisema. "Cheo hiki ni changu. Nani mwingine?"

Kweli, nani mwingine? Hata Nistor, mwenyekiti wa ushirika, ambaye hakumpenda kwa sababu ya mdomo wake, hakuwa na jina la kumpinga nalo.

Ndipo wafadhili wakamleta Daktari Annelies, Mholanzi mrefu mwenye viatu vyeupe. Kazi yake ni kuwasoma watu wakiwa kazini: nani anasikilizwa, nani anaaminiwa, nani akipewa cheo wenzake watamfuata. Alishawasoma wakulima wa viazi, wa kahawa, wa mpunga, nchi tisa. Lugha yetu aliijua, ila aliisema kama anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Siku nne alikaa kwenye kona ya banda akiwatazama wanawake wakichambua, akiandika. Ugali wa mahindi na jibini ya kondoo waliomkaribishia aliukataa, akatafuna biskuti zake. Siku ya tano akagawa karatasi arobaini na moja.

"Swali la saba ndilo kubwa," alisema. "Ukipata tatizo kazini, humwendea nani? Andika jina moja. Juu ya karatasi usiandike wewe ni nani. Msiogope, ni siri."

Aliposema siri, wanawake walitazamana.

Agripina aliandika jina la wifi yake, Zinaida, dada wa marehemu mumewe. Kujiandika mwenyewe aliona haya. Akakunja karatasi, akarudi tanurini, moyo umetulia.

Jumatatu Nistor aliwakusanya uani na kusoma jina la msimamizi mpya.

"Haralampie Rusu."

Kwanza watu walidhani ni mzaha. Haralampie alikuwa mtu wa mizani. Alilala juu ya magunia mpaka saa nne, na akiamka kazi yake ilikuwa kumpelekea Nistor majina ya waliochelewa. Sasa alisimama, akavua kofia, akatabasamu mpaka meno ya dhahabu yakaonekana.

"Kura arobaini kati ya arobaini na moja!" alisema Daktari Annelies, akipiga makofi peke yake. "Katika nchi zote tisa sijaona umoja kama huu."

Agripina alimvuta Zinaida mkono mpaka nyuma ya banda, kwenye bomba la kunawia, na wanawake wengine wakafuata wakiwa wameinamisha vichwa.

"Nani kati yenu alimwandika lile gogo?"

Walitazama miguu yao.

"Zinaida. Nakuuliza wewe."

"Sote," alisema Zinaida. "Tulipatana. Wifi, usinitazame hivyo! Anakuja mgeni na daftari, anauliza mnamsikiliza nani, anasema ni siri. Babu yangu aliulizwa hivyohivyo mwaka wa arobaini na tisa, enzi za Wasovieti. Walioandikwa walipakiwa kwenye behewa wakapelekwa Siberia. Na yule mwenye kiwanda wa kwanza, kabla ya ushirika, si alituuliza nani anatusemea, kisha kesho yake akamfukuza Veronica tuliyemtaja? Tukasema jina lako halitoki. Kama ni kuchukua mtu, wamchukue Haralampie."

"Na mimi hamkuniambia."

"Ungekataa. Ungesema andikeni jina langu, sina woga. Tunakujua."

"Na gogo lenyewe limemwandika nani?"

"Limejiandika," alisema mmoja, na wawili watatu wakacheka. Agripina aliwageukia, wakaacha.

"Mmenifukuza kijijini," alisema. "Nistor alishindwa miaka kumi na sita. Ninyi mmemaliza kwa kalamu."

Hata hivyo walikwenda ofisini, wanawake ishirini na zaidi, wakamweleza yule daktari kila kitu. Alisikiliza vizuri, kichwa upande. Kisha akasema anaelewa hisia zao. Mabadiliko huumiza, alisema, na watu wakishaona matokeo hutaka kuyageuza, jambo hilo amelikuta kila mahali. Dodoso haliwezi kurudiwa. Ripoti imeshatumwa.

"Mama, nakwambia tulidanganya!" Zinaida alipaza sauti.

"Watu arobaini hawadanganyi kwa jina moja," alisema daktari.

Nistor, nyuma yake, alikuwa akitazama dirishani kwa furaha ambayo hata hakujali kuificha.

Tanuri jipya liliwashwa Alhamisi, trei mia mbili. Saa kumi alasiri Haralampie alikuja kwenye meza ya kuchambulia, jasho linamtoka.

"Agripina, dada yangu, njoo ubonyeze. Zitolewe au bado?"

"Kaulize karatasi."

"Acha utani, mama. Mbona zinanuka?"

Zilikuwa zinanuka kweli, ile harufu ya sukari inayoanza kuungua. Wanawake wote waliinua nyuso kumtazama Agripina. Angesema neno moja tu. Yeye akachukua plamu nyingine mbichi, akaikagua, akaitupa kapuni. Na kwa sababu yeye hakusimama, hakuna aliyesimama. Haralampie alipofungua mlango kwa akili yake mwenyewe, trei mia mbili zilikuwa makaa, na kazi ya wiki ya kijiji kizima imekwenda. Daktari Annelies alikuwepo. Aliandika.

Jioni ileile Agripina alimpigia binamu yake simu.

Siku ya safari Zinaida alikuja mapema, macho yamevimba, mkate umefungwa kwa kitambaa.

"Wifi, Ilinca nitamlea kama wangu."

"Utamlea. Si kwa sababu nakuamini. Ni kwa sababu umeniharibia, na huna pa kujificha. Nywele zake zichanwe zikiwa mbichi. Asiende mtoni na wale watoto wa Gavril. Na wakija tena na karatasi kuuliza mama yake ni nani, safari hiyo andika jina langu."

Zinaida aliinama kuchukua begi ambebee. Agripina akamnyang'anya, akalibeba mwenyewe mpaka barabarani, mkate ameuacha juu ya ukuta.