Hatua Sita za Karatasi ya Njugu

Juzi binti yangu alikuwa akijifunza kufungua mchezo wa sataranji kwa video za simu, nami nikawa kama ninaisikia tena harufu ya njugu za soko la Chwele, enzi zangu za shule. Siku moja Mama Nekesa, muuza njugu, alinifungia zangu kwa ukurasa wa kitabu cha sataranji, wenye hatua sita za kwanza. Nilizikariri. Ukurasa uliishia hapo, basi nikaamini mchezo nao huishia hapo.

Alasiri ya mashindano ya sataranji ya shule kule Kitale, mvua ikipiga mabati, nilicheza hatua ya sita, nikasimama, nikamnyooshea mpinzani wangu mkono.

“Ati nini?” akauliza.

“Si umeshashindwa, bana.”

Leo najua kete zake zote zilikuwa salama. Lakini aliutazama ubao kwa muda mrefu, akashusha pumzi, akanipa mkono.