Mtungi wa Mama Betri

Miaka ya sabini, malori ya kuvuka mpaka wa Malaba yaliweza kukaa foleni wiki nzima. Madereva waliishi humo humo. Walipika kando ya magurudumu, wakaanika mashati kwenye vioo, na giza likiingia waliwasha taa na redio kwa betri ya lori, maana umeme haukufika pale. Asubuhi waliacha injini zikinguruma nusu saa ili betri zipate nguvu tena.

Lakini betri hukauka maji, na hapo ndipo walipomhitaji shangazi yangu, Nerima. Mvua ikishaosha vumbi la hewani, alitoa mtungi wa udongo katikati ya ua, mbali na paa, ukinge maji ya mvua. Maji ya mabati yana kutu, alisema, na ya kisima yana chumvi. Yote mawili huua betri. Madereva walimwita Mama Betri, na hakuna aliyewahi kuuliza maji yake yametoka wapi.

Januari moja tulikuja kumtembelea, mimi na mama yangu Jerusha, kutoka Namboboto. Shangazi alikuwa shambani, jua ni kali, tukanywa maji ya mtungini mpaka yakaisha. Kwetu mgeni haachi mtungi wa mwenyeji mtupu. Mama akaenda kisimani, akaujaza hadi shingoni, akarudishia kitambaa cheupe kilichoufunika.

Shangazi aliporudi alimkuta dereva Osukuku akimngoja mlangoni, akamchotea chupa moja. Tulipoketi kula, mama akasema, "Wifi, maji yako matamu! Tuliyamaliza, lakini nimekujazia."

"Umejaza nini?"

"Maji. Ulitaka nijaze pombe ya busaa?"

Shangazi aliacha tonge kwenye sahani. Angeweza kunyamaza. Betri ingekufa siku nyingi baadaye, mbali huko ng'ambo, na Osukuku angelaumu barabara. Badala yake alikimbia bila viatu kando ya foleni yote, nami nyuma yake.

Osukuku alikuwa amefungua vifuniko vya betri, chupa mkononi.

"Usimimine! Hayo ni ya kisima."

Madereva wakaangua kicheko. "Mama Betri, siku hizi unatuuzia kisima?"

"Leo, ndiyo," alisema, akipokea chupa. "Hata sikuonja." Alimwaga maji yote barabarani mbele yao. Osukuku alivuka mpaka siku iliyofuata na betri yake yenye kiu, baada ya wenzake kulisukuma lori ili liwake.

Mvua ilinyesha Machi. Wiki hiyo mama alipanda basi kutoka Namboboto akiwa amepakata mtungi wake mwenyewe uliojaa, wa kulipa tuliyokunywa, maji yakimlowesha magoti kwenye kila shimo. Osukuku alikuwa amerudi, amesimama uani kwa shangazi.

"Ni ya mvua?"

Shangazi alichota kwa kiganja, akanywa kwanza. "Ni ya mvua."

Osukuku akanyoosha chupa, wala hakuomba kuonja.